Damu ya mama imeota bakteria "wa ukoo wa TB", na daktari anasema si TB. Nielewe vipi?

BintiMkubwa

Habari zenu. Naandika saa nane usiku nikiwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda cha mama, mnisamehe nikirukaruka.

Mama ana miaka 61, anatibiwa saratani ya tezi za limfu, na amemaliza mzunguko wa nne wa dawa. Kifuani ana ule mpira mrefu unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Walimwekea kwa sababu mishipa ya mikono ilishachoka. Wiki tatu zilizopita alianza homa, lakini si homa ya kushinda nayo. Mimi nina daftari, naandika kila kitu (wadogo zangu wananicheka), na nilipozirudia kurasa nikaona jambo. Saa nne asubuhi muuguzi anasukuma maji ya chumvi kusafisha mpira, saa tano kasorobo mama anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, kipimajoto 39.1. Jioni yuko mzima, anaomba redio. Siku ambayo mpira haukuguswa, 37 na kidogo tu. Nimeihesabu mara tano.

Walichukua damu mkononi, wakachukua na kwenye mpira. Siku ya pili: hakuna kitu. Siku ya nne: kuna kitu, ila "huenda ni uchafu wa ngozi". Wakachukua tena, ikaota tena. Leo daktari kaja na karatasi imeandikwa Mycobacterium mucogenicum, nimenakili herufi kwa herufi. Anasema ni ndugu wa bakteria wa TB ila si TB, yuko kwenye kundi "linaloota haraka", ataanzishiwa dawa mbili, na mpira lazima utoke.

Sasa nina mambo manne yananizunguka kichwani. Nyumbani kuna mjukuu wa miaka miwili aliyekuwa analala na bibi yake, je, yuko hatarini? Kama ni ndugu wa TB, kwa nini asipewe dawa za TB zinazojulikana? Mpira ndio njia ya dawa zake zote, kwa nini uwe wa kwanza kutolewa? Na la nne ndilo linanikosesha usingizi. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Nilikuwa nafunga ule mpira na mfuko wa nailoni. Siku moja plasta ililowa, nikaikausha kwa taulo, nikanyamaza. Nimesoma kwamba bakteria hawa wanakaa kwenye maji.

---

Mjuaji_Mstaafu

Pole sana. Mimi nisingesubiri. Mycobacterium ni Mycobacterium, aanze dawa za TB leo, majina mengine yatafuata. Nimeona watu wakipotea kwa kusubiri majibu ya maabara.

---

Hadubini_ya_Zamu

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Nitarudi kwako.

Dada, pole na kuuguza. Mimi nimekaa maabara ya vimelea miaka kumi na tisa, zamu nyingi za usiku, na hao wageni wenu nimewaona mara chache, labda mara tisa au kumi kwa hesabu ya kichwa. Mara ya kwanza niliwakosea, na nitakueleza nilivyokosea kwa sababu linafanana na lenu.

Chupa ya damu ililia siku ya nne, yaani mashine ya kuoteshea ilipiga kengele kwamba kuna kitu kimeota. Nikatoa tone, nikapaka rangi ya Gram, ile ya kawaida ya kuonyesha bakteria, nikaweka chini ya lenzi. Vijiti vyembamba vilivyokunywa rangi nusunusu, vina madoadoa kama shanga, na vingine ni kama kivuli tu, umbo lipo rangi haipo. Kuna bakteria wa kawaida wa kwenye ngozi wanaofanana hivyo hivyo, na damu ikichukuliwa bila ngozi kusafishwa vizuri huingia kwenye chupa. Nikaandika: huenda ni uchafu wa ngozi. Wiki iliyofuata, mgonjwa yule yule, vijiti vile vile, nikaandika vile vile. Mara ya tatu daktari akapiga simu na kuniuliza swali moja tu: "Huo uchafu wako unamfuata mgonjwa mmoja kwa nini?" Nikakaa kimya. Nikaenda kupaka rangi ya Ziehl-Neelsen, ile tunayopakia makohozi kutafuta TB, na pale pale vikatokea vyekundu. Mpira wa yule mgonjwa ulikaa mwilini wiki mbili zaidi kwa sababu ya karatasi niliyoitia sahihi mimi. Tangu hapo, vijiti vya aina hiyo vikirudi mara ya pili kwa mtu mwenye mpira wa kifuani sikubali vipite bila rangi nyekundu. Na hata hiyo rangi inataka mkono mwepesi, maana baadhi ya hawa hawashiki rangi kwa nguvu kama wa TB. Ukizidisha asidi wakati wa kuosha, wanatoka na maji unabaki unaangalia kioo kitupu.

Kwa hiyo maabara yenu haikuchelewa sana. Waliotesha mara mbili wakaamka. Mimi nilihitaji mara tatu na simu.

Tuje kwenye hili neno "haraka", ndilo linalowavuruga wengi. Haraka hapa ni ya kulinganisha na ndugu zao. Bakteria wa kawaida wa mkojo unamwotesha jioni, asubuhi sahani imejaa. Wa TB anataka wiki tatu hadi sita, wakati mwingine zaidi. Hawa tunawaita wa haraka kwa sababu kwenye sahani wanaonekana ndani ya siku saba. Mmoja wao, Mycobacterium chelonae, alipatikana kwanza mwaka 1903 kwenye mapafu ya kasa wa baharini huko Berlin, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kobe. Ndiyo haraka yenyewe hiyo: haraka ya kobe. Kwenye kupona hawana haraka hata kidogo, jiandaeni kwa wiki nyingi.

Huyo wenu, mucogenicum, jina lake linasema "mtoa ute". Ukigusa koloni zake kwa kitanzi cha waya, nyingi zinavutika kama ute wa bamia. Hadi mwaka 1995 alikuwa hana jina la peke yake, aliitwa tu "anayefanana na chelonae". Makazi yake ni maji, pamoja na maji safi ya bomba. Ukuta wa mwili wake una nta, klorini inayoua wengine yeye haimtishi sana, naye anajishikiza ndani ya mabomba kwenye utando wa ute. Sasa fikiria mpira wa mama: bomba dogo, laini, lenye maji maji muda wote. Kwake hapo ni nyumbani.

Ndiyo maana utoke. Dawa zinaua wanaoelea kwenye damu, homa inashuka, kila mtu anafurahi. Waliojibanza kwenye utando ndani ya mpira wako palepale. Dawa ikikoma wanarudi. Lile daftari lako limekuonyesha hivyo bila hadubini: mpira unasukumwa, wanamwagika kwenye damu, mama anatetemeka. Mpeleke daktari hizo kurasa, usione haya. Maabara tunaona chupa tu, hatuoni kitanda kinachogonga ukuta.

Mzee wangu Mjuaji, sasa nakuja kwako. Dawa za TB kwa hawa ni kama kumpiga kobe mgongoni. Isoniazidi haiwafanyi kitu, pirazinamidi vivyo hivyo, na hata rifampisini haitegemewi. Mgonjwa atabeba sumu ya dawa kwenye ini bure, na huku watu wanadhani anatibiwa. Jingine: kipimo cha GeneXpert kinatafuta TB tu. Hawa kitasema hasi, na ni haki yake kusema hivyo. Ukiona hadubini inasema vijiti vyekundu vipo na GeneXpert inasema hakuna, usikimbilie kusema mmoja wao mwongo. Jiulize kama ni mtu mwingine wa ukoo.

Mjukuu asikutie hofu. Hawa hawaambukizwi kwa kikohozi wala kwa kulala pamoja kama TB. Ubishi mkubwa upo kwa mmoja tu, abscessus, kati ya wagonjwa wenye ule ugonjwa wa kurithi wa kamasi nzito mapafuni, na hayo si yenu. Wa kulindwa ni bibi, kinga yake iko chini, mafua ya mjukuu ndiyo yanayonitisha mimi zaidi.

Hilo la nne nimelisoma mara mbili. Nitajibu nikitoka zamu, nataka nilijibu vizuri.

---

Mjuaji_Mstaafu

Nimekubali. Ya kobe mgongoni nimeielewa.

---

Sista_wa_Figo

Shoga yangu BintiMkubwa, acha nikusaidie la nne wakati Hadubini analala.

Nafanya kazi kwenye mashine za kusafisha figo. Sisi maji ndiyo kazi yetu, tunayachuja, tunayapima, tunayaogopa. Mwaka 1982 huko Louisiana, Marekani, wagonjwa 27 wa kituo kimoja cha kusafisha figo walipata chelonae kwa sababu vichujio vya mashine vilikuwa vinatumika tena na dawa ya kuviua vijidudu ilikuwa dhaifu. Pale walikuwepo wataalamu, kulikuwa na taratibu zilizoandikwa, na bado maji yaliwazidi akili. Wewe ulikuwa na mfuko wa nailoni na taulo.

Njia ambazo maji yangeweza kuufikia mpira ule ni nyingi: mdomo wa mpira usiosuguliwa vizuri kabla ya sindano, bafu la wodi, mikono iliyonawa bombani ikashika kifuniko ikiwa bado imelowa. Huwezi kujua. Ila plasta ikilowa sema siku hiyo hiyo, ibadilishwe. Nawaambia wagonjwa wangu: plasta iliyolowa si kosa, plasta iliyolowa ikafichwa ndiyo inayonipa kazi. Nakwambia kwa upendo, maana ataweka mpira mwingine siku moja na wewe ndiye utakayemwogesha tena. Mpanguse mwili kwa kitambaa kuanzia kiunoni kwenda juu, maji ya kumwagika yaishie chini ya hapo.

Kingine, na hiki kiandike kwenye daftari. Kama moja ya dawa mbili ni klarithromisini, uliza kama kwenye dawa za saratani za mama kuna vinkristini. Hizo mbili hazipatani, ya kwanza inaizuia ini kuitoa ya pili, na mgonjwa anaishia na ganzi ya miguu na tumbo lililofunga. Azithromisini huwa haina ugomvi huo mkubwa. Daktari wa saratani na daktari wa vimelea wanaweza kuwa ghorofa mbili tofauti, na anayewaunganisha mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa mwenye daftari. Kama ya pili ni amikasini, figo zipimwe mara kwa mara na masikio yapimwe kabla, si baada.

---

Jipu_la_Paja

Mimi ni mgonjwa, si mtaalamu. Nina lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, natumia steroidi za kuishusha kinga hiyo miaka saba. Nilichomwa sindano pajani, wiki ya tatu pakatokea uvimbe wa zambarau, haumi sana, hauna joto. Ukapasuka, ukatoa usaha mwembamba, ukaziba, likatoka jingine pembeni. Hatimaye yalikuwa matano kwenye mstari. Nilipewa antibiotiki aina tatu. Halafu nikapewa dawa za TB miezi miwili, mkojo wa rangi ya machungwa na majipu palepale. Kilichonikomboa ni daktari mmoja kijana aliyekata kipande cha nyama badala ya kufuta usaha kwa pamba, akaandika kwenye fomu "oteshieni mikobakteria pia". Yaani maabara haikuwa imeambiwa imtafute nani! Wakapata fortuitum, mwingine wa ukoo huu. Dawa mbili, miezi sita, na majipu mawili yakakatwa na mpasuaji.

Nasema hivi ili ujue mama yako jina amelipata mapema. Mimi lilinichukua miezi tisa.

---

Hadubini_ya_Zamu

Jipu, hiyo fortuitum ndiyo jina la kufaa kabisa. Waliielezea Brazili mwaka 1938, ilitoka kwenye jipu, na maana ya jina ni "ya bahati nasibu". Na wala haichagui wanyonge peke yao. Mwaka 2000 huko California wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walitoka majipu miguuni, watu wazima wenye afya. Walipofungua yale mabeseni ya maji ya kuzunguka, nyuma ya chujio kulikuwa na nywele na uchafu uliogandamana, na humo ndimo alimokuwa anaishi. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda walipata zaidi. Tofauti ni kwamba mwenye afya anaishia na kovu mguuni. Mwenye kinga iliyoshuka, hasa akiwa na mpira kifuani, anamfungulia bakteria mlango wa moja kwa moja hadi kwenye moyo.

BintiMkubwa, la nne. Kusema kwamba ni lile taulo, ningehitaji bakteria wa mama, na bakteria kutoka bomba la bafu lenu, na bomba la wodi, na sinki analonawia muuguzi, halafu nilinganishe vinasaba vyao kimoja kimoja. Bila hivyo ni kubahatisha. Wewe umejihukumu kwa plasta moja. Mimi nilitia sahihi karatasi mbili.

Jambo la kazi sasa. Uliza kama maabara inapima usugu wa dawa kwa huyo bakteria. Kipimo chake ni cha visima vidogo vyenye dawa ya nguvu tofauti, kinasomwa siku ya tatu hadi ya tano. Mucogenicum kwa kawaida si mkaidi, dawa nyingi zinamweza. Wapo wa ukoo huo, kama abscessus, wanaojifanya wapole siku ya tano halafu siku ya kumi na nne wanaonyesha usugu dhidi ya klarithromisini waliokuwa wameuficha, na kwao tunasubiri zote kumi na nne. Kwa hiyo majibu yakichelewa usidhani wamekusahau. Na mpira ukitoka, wachukue damu tena siku chache baadaye. Chupa hizo zisitupwe siku ya tano kama kawaida, wamwombe mtu wa maabara aziache zaidi. Akinuna, mwambie Hadubini kasema.

---

BintiMkubwa

Nimekaa siku kumi na mbili bila kuandika, samahanini.

Mpira ulitolewa siku ile ile jioni. Wamemwekea wa muda mkononi. Nilimpelekea daktari daftari, akazipiga picha zile kurasa tano, akaita na wanafunzi wawili. Vinkristini ipo kwenye dawa zake, na karatasi ya dawa ilikuwa imeandikwa klarithromisini. Daktari alikaa kimya kidogo, akatoka nje kupiga simu, aliporudi ilikuwa azithromisini na amikasini. Sista, sijui nikushukuru vipi.

Nilimwambia mama habari ya plasta. Aliniangalia akasema, "Kumbe ndiyo maana unanilisha kama mgeni?" Halafu akaomba redio.

Damu ya kwanza baada ya mpira kutoka, mpaka leo siku ya nane, haijaota kitu. Kijana wa maabara alinuna, nikamtajia jina lako Hadubini, akasema hakujui, lakini chupa amekubali kuziacha. Dawa wanasema wiki sita, kisha ndipo waongee habari ya mzunguko wa tano.

Daftari la leo: asubuhi 36.9, saa kumi 37.0, saa mbili usiku 36.8. Analalamika sikio la kushoto linavuma kama mbu. Nimewaambia, kesho saa tatu anapimwa.

---

Sista_wa_Figo

Usingoje saa tatu. Mwambie muuguzi wa usiku sasa hivi, kabla ya dozi ya amikasini ya asubuhi.

---

BintiMkubwa

Nimesimama, naenda.